Sahani Niliyoiacha kwa Mama Nyibol

Adut alinipigia simu Jumanne moja mwezi uliopita, nikiwa kwenye foleni ya maji hapa Lodwar na madumu yangu mawili. "Nafula," akasema, "Mama ametuacha. Tumemzika jana." Nikaropoka, "Mbona hukuniambia mapema?" Yaani hata pole sikusema kwanza. Ndivyo nilivyo, mambo huniingia kwa kuchelewa. Adut hakukasirika. Nikasikia upepo wa Kakuma ukipiga bati upande wake, kisha akasema, "Nimekuambia sasa." Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akasukuma dumu langu kwa mguu, zamu yangu ilikuwa imefika, nami nikachota maji huku machozi yakinitoka. Hakuna aliyeniuliza nina nini. Hapa vumbi hutoa watu machozi kila siku.

Nilikozaliwa na walionisomesha si habari ya leo. Leo nataka kusema juu ya mwaka mmoja tu, kuanzia Julai ya 2012 hadi Julai ya 2013, nilipokuwa na miaka ishirini na sita na nikijiona najua kila kitu. Nilikuwa karani katika ofisi moja Kakuma. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya watu wanaotafutwa na ndugu zao: jina, jina la baba, mara ya mwisho alionekana wapi, ana alama gani mwilini. Siku nzima watu walikaa mbele yangu wakinieleza makovu ya watoto wao. Jioni tulipewa kabeji ya kuchemsha kwenye makazi ya wafanyakazi, kabeji jana, kabeji leo, mpaka nikaanza kutorokea kwa Mama Nyibol, aliyeuza chai na mandazi upande wa kambi walikoishi watu wa Sudan Kusini. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, na mkali. Herufi ya kati ya jina langu ilimshinda, akaniita Napula, na mpaka leo nikisikia jina langu likitamkwa sawasawa naona kama anaitwa mtu mwingine.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo, chumba kimoja na kibaraza cha makuti. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja cha kamba, sanduku la bati lenye kufuli, msalaba uliosukwa kwa shanga, na meza nzito ambayo haikutumika kwa chakula. Mezani ilifungwa mashine ya kusagia nyama. Sikuwahi kuona nyama ikipita humo. Mama alikuwa ameishi Khartoum miaka mingi kama mkimbizi wa ndani, na huko ndiko alikojifunza kuoka biskuti za sikukuu, kaak alivyoziita. Unga unakandwa na samli, unapitishwa kwenye mashine ile, na mbele ya mdomo wake kunafungwa kipande cha bati chenye tundu. Tundu likiwa la nyota, unga unatoka ukiwa na mistari kama suruali iliyopigwa pasi vizuri. Unaukata, unaukunja, unaupanga kwenye trei. Vipande vya bati alikuwa navyo viwili, kimoja cha mistari ya kawaida na kimoja cha nyota. Kile cha nyota alikitunza sandukuni pamoja na kadi ya chakula.

Julai ile ya 2012 nchi yao ilikuwa inatimiza mwaka mmoja wa uhuru. Jamani, mtu ambaye hakuwepo hawezi kujua furaha ile. Wiki nzima kabla ya sikukuu kila kibaraza kilinuka samli na vanila, na wanawake walioshinda mwaka mzima wakigombania foleni ya bomba waliazimana ungo na sukari bila maneno. Mama Nyibol aliniita kusaidia, au tuseme aliniita nitukanwe. "Napula, mkono yako iko moto! Samli inalia! Enda osha na maji ya mtungi." Nikaenda kuosha. Nikarudi. "Hii nini? Biskuti ama mguu ya ngamia?" Adut, mke wa mwanawe, alicheka mpaka akaketi chini. Yeye na mimi tulilingana umri, na tangu siku ile tukawa marafiki. Aliyezungusha mpini wa mashine alikuwa mumewe mwenyewe, Majok, mwana pekee wa Mama aliyebaki hai. Alikuwa utingo wa malori ya kuvuka mpaka, ndiyo kwanza amepata leseni ya udereva, na alikalia dumu la mafuta huku akizungusha kwa mkono mmoja na kuiba unga mbichi kwa mkono mwingine. Mama akampiga kofi mkononi. "Wewe iko mwanaume ya watu, unakula unga kama panya!" Akajibu, "Mama, mimi napima chumvi." Kweli mle mlitiwa chumvi, kidole kimoja tu. Mama alisema bila chumvi hiyo hata sukari haisikiki.

Tanuri lilikuwa la Baba Musafiri, Mkongomani mwoka mikate, na mkesha wa sikukuu alilikodisha kwa akina mama. Trei zilitengenezwa kwa makopo ya mafuta ya msaada yaliyopasuliwa na kunyooshwa, zote zikafanana, kwa hiyo kila mwenye trei alibonyeza alama yake kwenye biskuti ya pembeni. Alama ya Mama Nyibol ilikuwa meno matatu ya kitana. Tulisimama mchana kwenye jua lile, trei kichwani, na Baba Musafiri akipiga kelele mlangoni, "Bamama, moto haingojeake mutu! Mwenye kitana iko wapi?" Tukiwa tumesimama pale nikamwona Mama amepanga biskuti za trei yetu ya kwanza, zilizokwisha kuiva, kwenye sahani, akazifunika kwa kitambaa cheupe, akaondoka peke yake mpaka nyumba ya tatu kutoka kwake. Hakupiga hodi. Alisimama mlangoni, mwenye nyumba akatokea, akapokea sahani kwa mikono miwili, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa. Mama akarudi zake. Nikasema moyoni, tazama wanavyopendana hawa, wanapeana vitu bila hata kutaka asante. Nilitamani kumuuliza Adut, lakini trei yetu ikaitwa, na baadaye nikasahau. Swali dogo namna hiyo. Nimelijutia kuliko mengi niliyowahi kusema.

Siku ya sikukuu watu waliingia nyumba kwa nyumba, chai ya maziwa kila mahali, watoto mifuko imejaa biskuti mpaka inapasuka. Baada ya siku chache Majok aliondoka. Alikuwa amepata lori la kuendesha huko kwao. Asubuhi ya safari Mama alifungua sanduku kutafuta kitu, akapiga ukelele: nyota haipo. Majok akaitoa mfukoni, akaishika juu ambako mama yake, na urefu wake wote, hakuifikia. "Hii naenda nayo," akasema. "Hamtaoka nyota bila mimi. Mwaka ujao nakuja na simsim ya nyumbani na nyota yenu." Mama alimtukana kwa Kiarabu cha Juba, kisha kwa Kidinka, kisha akamshika uso kwa viganja vyote viwili na kumpulizia utosini, baraka ya kwao. Adut alikuwa amesimama nyuma ya mlango akijifanya anafagia.

Mwezi wa kwanza wa 2013 nilihamishiwa ofisi ya Lodwar. Nilipanga chumba kwenye ploti ya Mama Akiru, Mturkana mjane aliyenisalimu "Ejok!" kila asubuhi kwa sauti ya kuamsha mbuzi. Nilipiga simu Kakuma kila Jumapili. Mpaka mwezi wa pili nilipewa salamu za Majok, amepita mji wa Bor huko kwao, amenunua viatu. Kuanzia mwezi wa tatu simu yake ikawa haipatikani. "Mtandao ya huko iko mbaya," Mama alisema. Mwezi wa nne akasema vivyo hivyo. Mwezi wa tano hakusema kitu juu ya mtandao, aliniuliza kama karani anaweza kuandika jina mara mbili ili lionekane haraka. Nikamwambia nitaliandika. Nililiandika mara tatu: Majok Deng, jina la mama Nyibol, dereva, jino la mbele limevunjika kidogo.

Barua ilikuja mwisho wa Juni. Ilikuwa orodha ya watu waliokuwa kwenye lori lililosombwa na mto wakati wa mvua, nami nikapewa kuinakili. Wengi hawakuwa na majina, walikuwa na vitu tu. Mkanda, rozari, funguo mbili. Kwenye mstari wa kumi na moja iliandikwa: mwanaume, mrefu, huenda ni dereva; mfukoni kipande cha bati cha mviringo chenye tundu la nyota, matumizi hayajulikani. Nilisoma mstari ule, nikanyanyuka, nikaenda nje nikashika ukuta. Matumizi hayajulikani! Katika ofisi nzima, mimi peke yangu nilijua yale matumizi.

Nilirudi ndani nikiwa nimeamua kusema. Lakini ilikuwa saa ya chakula, na wakubwa wawili walikuwa wanakula githeri nyuma ya ukuta wa mbao, nikawasikia wakizungumzia barua ile ile. Mmoja alisema, "Mama wa mtu humwendei na jina nusu. Mwaka jana tulimzika mtu akiwa hai, umesahau?" Mwingine akajibu, "Tungojee uthibitisho. Wiki tatu, nne. Na hakuna mtu wa hapa kufungua mdomo." Walikuwa na haki, na hata leo siwalaumu. Lakini mimi sikuwa nangoja uthibitisho. Nilikuwa nimeiona nyota ile ikitoka sandukuni. Ningesema tu, "Bwana, hiki ni kipande cha mashine ya biskuti, na mwenyewe namjua." Sikusema. Nilijiambia ni kwa sababu ya agizo. Uongo mtupu. Nilinyamaza kwa kuwa nikisema, ningetumwa mimi kumpelekea Mama, na sikuwa na kifua hicho. Zaidi ya hayo sikukuu ilikuwa wiki moja mbele, naye alikuwa amenialika. Nikawaza, acha aoke kwa furaha mara moja hii, kisha ijulikane.

Kwa hiyo nikafanya lililofanywa na mikono yangu bila kichwa. Nilinunua unga, samli na kopo la maziwa ya unga, nikajitengenezea tanuri la sufuria kubwa yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko. Nilitaka kumpelekea kitu. Nilitaka aone mikono yangu imepoa na nimejifunza. Mama Akiru alikuja akachuchumaa karibu na jiko, ushanga wake umejaa shingoni, akanitazama nikilia juu ya unga. "Nani amekufa?" akauliza. Nikasema hakuna, ni moshi. "Moshi iko huku," akasema, akionyesha upande wa pili, kwa kuwa upepo ulikuwa ukiupeleka kule. Akangoja. Mimi nikaendelea kukanda. Akainuka akijikung'uta. "Sisi habari ya mtu kufa tunapeleka na mguu, haraka. Wewe unapika." Kichwa changu kigumu hakikushika hata hilo. Nilizitoa zote zikiwa nzuri, za rangi ya mchanga, chumvi kidole kimoja. Nilizipanga kwenye sahani yangu ya bati nyeupe yenye ukingo wa buluu na pengo dogo pembeni, nikaifunika kwa kitambaa cheupe, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomwona Mama mwenyewe akifanya, na safari nzima mpaka Kakuma niliipakata mapajani.

Nilifika mchana wa mkesha. Kibaraza kilikuwa na wanawake watano wakikata unga. Mama alikuwa mezani, viwiko vimejaa unga, akizungusha mashine mwenyewe, na unga ulitoka kwa mistari ya kawaida. Alikuwa anaimba. Nilimsikia akimwambia jirani, "Majok akija na nyota tutaoka ingine, hii ya leo iko ya wageni tu." Hodi haikutoka, salamu haikutoka. Nikasimama mlangoni na sahani yangu iliyofunikwa, nikainyoosha kwa mikono miwili.

Mikono yote kibarazani ikasimama. Mwanamke mmoja akaweka kisu chini, mwingine akajifunika kinywa kwa ukingo wa kanga. Mimi bado nilidhani wananishangaa. Mama Nyibol aliitazama sahani, akanitazama usoni, akaitazama tena sahani. Akaiacha mashine. Akachota maji ya mtungi, akanawa mkono mmoja, akanawa wa pili, akasugua unga katikati ya vidole polepole, wala hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kisha akauliza, "Lini?"

Hapo ningeweza kusema, lini nini, Mama? Nimekuletea zawadi. Mtu asiye na siri angesema hivyo papo hapo. Mimi nilikaa kimya. Labda ilikuwa nusu dakika, labda chini ya hapo, lakini ilimtosha. Adut aliyekuwa anatoka chumbani na trei aliona mama mkwe wake akipokea sahani yangu kwa mikono miwili, akaiachia trei, na ukelele alioupiga siwezi kuuandika.

Baadaye mke wa Baba Musafiri ndiye aliyenieleza, nikiwa nimekaa nyuma ya tanuri. "Mama, weye haukujua? Kwao nyumba ya kilio haiokake. Mwaka ule haioki hata kimoja. Bajirani ndio banaleta, bananyamaza tu mulangoni." Nyumba ile ya tatu, Julai iliyotangulia, ilikuwa imefiwa na mtoto. Na mimi, karani wa majina ya waliopotea, mtu wa ofisi, nilikuwa nimesimama mbele ya mama aliyekuwa anaoka, nikampa sahani hiyo bila neno. Kila nilichomficha kwa mdomo nilimkabidhi kwa mikono. Unga wote uliobaki Mama aliwagawia majirani ukiwa mbichi. Jioni akaifungua mashine mezani, skrubu moja moja, akaifunga kwa gunia.

Uthibitisho ulikuja baada ya wiki tano, pamoja na bahasha yenye ile nyota. Mimi sikutumwa. Nilikuwa nimekwisha kwenda kwa mkubwa wangu nikakiri, na kwa hasira yake alinipa maneno niliyostahili, kisha akanibakiza kazini. Nilirudi kwa Mama mara mbili mwaka ule. Mara ya kwanza alinipa chai bila kunitazama. Mara ya pili nikapiga magoti nikaomba msamaha, akasema, "Napula, inuka, unachafua nguo." Basi. Sikujua kama amenisamehe au amechoka nami. Mwezi wa kumi na moja alienda Bor kuona mahali mwanawe alipozikwa, na mwezi uliofuata vita vikaanza, akarudi Kakuma mwaka uliofuata akiwa mkimbizi kwa mara nyingine, amekonda, amenyamaza. Nilituma sukari, nilituma majani ya chai. Mwenyewe sikwenda. Kutoka Lodwar hadi Kakuma si mbali, ila kila nilipojiandaa nilisikia lile neno moja, "Lini?", nikaahirisha. Nimeahirisha miaka kumi na miwili, na sasa hakuna wa kumwendea.

Wiki iliyopita nilioka. Mikono yangu sasa ni baridi yenyewe, umri umeifanyia kazi. Nilipanga biskuti kwenye sahani, nikafunika kwa kitambaa cheupe, na safari hii nilijua ninachobeba. Nyumba ni ile ile, makuti ya kibaraza yamebadilishwa kuwa mabati. Adut ana mvi mbele. Alinikuta nimesimama mlangoni, sikupiga hodi. Alipokea kwa mikono miwili, naye hakusema kitu, akaiweka juu ya ile meza. Kisha akavunja desturi mwenyewe, akanivuta ndani kwa mkono, tukakaa juu ya kitanda cha kamba tukalia mpaka tukachoka.

Tulipotulia nikauliza ilipo nyota. "Tumemzika nayo," akasema. "Kwa mkono yake ya kulia. Alitaka hivyo." Halafu akafungua sanduku la bati, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitambaa changu cha zamani, weupe wake umekuwa wa vumbi. Sahani yangu. Ukingo wa buluu, pengo pembeni. Nilidhani ilitupwa siku ile ile.

"Alikuwa anakasirika na mimi?" nikauliza.

"Mwaka ya kwanza, sana," Adut akasema. "Halafu akaanza kusema, huyo msichana aliniambia ukweli na alikuwa anaogopa. Kila Julai alisema, mwaka hii nitaoka, nimrudishie Napula sahani yake, siwezi kurudisha sahani ya mtu bila kitu ndani. Alikuwa anatoa mashine kwa gunia, anafunga kwa meza. Anaiangalia. Halafu anafungua tena. Kila mwaka, Nafula. Haikuwezekana."

Akaipangusa kwa kiganja, akaninyooshea.

"Ichukue tu hivyo," akasema. "Haina kitu."

Nikaipokea kwa mikono miwili.